DD-214 Si Msahafu: Namna ya Kuomba Kupandishwa Daraja la Kuachishwa Jeshi la Marekani

Hotuba hii ilitolewa Minneapolis mbele ya askari wa zamani wa jeshi la Marekani wanaozungumza Kiswahili, pamoja na jamaa zao. Tunaiweka nzima kwa ajili ya wasiofika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na kina baba, hamjambo. Vijana mliosimama mlangoni, sogeeni mbele, viti vipo.

Naanza kwa kuomba mikono. Nani hapa aliwahi kuvaa gwanda la jeshi la Marekani? Wengi. Shusheni. Nani anajua, hapo alipokaa, DD-214 yake, ile karatasi ya kuachishwa jeshi, iko wapi? Naona mikono imepungua. Swali la tatu msinyooshe mkono, jibuni kimoyomoyo: nani anajua ilipo, ila hataki mtu aione?

Hao wa swali la tatu ndio niliowajia leo. Karatasi iko chini ya godoro. Iko sandukuni pamoja na buti. Iko kwenye bahasha ambayo hata mke hajaifungua. Na mwenyewe akienda kuomba kazi, akiulizwa kama aliwahi kutumikia jeshi, anajibu hapana, ili tu asiambiwe "tuone cheti". Miaka minne ya ujana wake anaifuta kwa neno moja.

Tuitazame basi hiyo karatasi inayotutisha hivi. DD-214 ina nakala fupi na nakala ndefu. Fupi haisemi uliondokaje. Ndefu inasema yote, na yote yamebanana pale chini. Kisanduku cha 24 kinataja daraja la utumishi wako. Cha 25 kinataja kanuni iliyotumika kukuondoa. Cha 26 ni msimbo wa sababu, cha 27 ni msimbo unaoonyesha kama jeshi litakupokea tena, na cha 28 ni sababu yenyewe kwa maneno. Mwajiri akipewa nakala ndefu, jicho lake linashukia hapo hapo.

Madaraja yenyewe? La juu ni Honorable, heshima kamili. La pili ni General. Hapa Waswahili tuna msiba wetu: mzazi kule nyumbani akisikia mwanawe katoka jeshini na General, anachinja mbuzi akidhani kijana kawa jenerali. Siyo! Ni heshima yenye doa. La tatu ni Other Than Honorable, ambalo askari wenyewe huliita OTH. Hili hutolewa kiutawala, bila mahakama. Mawili ya chini, Bad Conduct na Dishonorable, hutolewa na mahakama ya kijeshi tu, na hilo la mwisho kabisa hutolewa na mahakama kuu ya kijeshi peke yake. Wapo pia walioondoka mapema mafunzoni, ambao cheti chao hakina daraja lolote.

Tofauti ni ya nini? Mwenye General anatibiwa VA, ile idara ya serikali inayohudumia askari wa zamani, hata mkopo wa nyumba wenye dhamana ya VA anaweza kupata. Lakini ada ya chuo ya GI Bill ya baada ya 9/11 hapati, ile inataka Honorable. Mwenye OTH anakuta milango mingi imerudishwa, ingawa si yote imefungwa kwa komeo, hilo nitalirudia.

Na kwetu sisi wahamiaji kuna jambo jingine. Mnakumbuka mpango wa MAVNI, ulioanza 2009, wa kuandikisha watu wenye lugha ambazo jeshi lilizihitaji? Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Vijana wetu waliingia kwa mlango ule mpaka ulipofungwa 2016, na wengine waliingia kwa kadi ya kijani. Sheria inampa askari njia fupi ya uraia, lakini inataka awe ametumikia, na kama ametoka awe ametoka, kwa masharti ya heshima. Honorable inatosha, General inatosha. OTH haitoshi. Tena aliyeupata uraia kwa njia hiyo, halafu akaachishwa kwa masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima, sheria inaruhusu uraia huo ufutwe. Kama hilo linakuhusu, usiandike barua yoyote serikalini kabla ya kukaa na wakili wa uhamiaji. Nasema tena: kabla.

Sasa, nani kaisikia ile habari kwamba baada ya miezi 6 cheti kinajipandisha chenyewe? Mnacheka. Maana wote mmeisikia. Na wengine mliambiwa siku ile ile ya kutoka, na mtu aliyetaka msaini haraka mwondoke. Ndugu zangu, hakijipandishi. Baada ya miezi 6 hakijipandishi. Baada ya miaka 6 hakijipandishi. Baada ya kufa hakijipandishi, ingawa baada ya kufa mjane au mtoto anaweza kuomba kwa niaba ya marehemu, na kina mama mlio hapa mlishike hilo. Kupandishwa kunaombwa. Asiyeomba hapewi.

Je, kuomba kunafaa kitu? Mnisikilize, maana kisa hiki kina mwisho wake papa hapa Minneapolis. Agosti 1906, mji wa Brownsville, Texas, ulipigwa risasi usiku, mtu mmoja akauawa. Wenyeji wakawasingizia askari weusi wa Kikosi cha 25 cha watembea kwa miguu waliokuwa kambi ya jirani. Maofisa wao wazungu wakasema askari walikuwa kambini. Hapakuwa na kesi. Rais Theodore Roosevelt akawafukuza 167 kwa mkupuo, bila heshima, bila kiinua mgongo. Mmoja wao, Dorsie Willis, alikuja kuishi mji huu, akang'arisha viatu kwenye kinyozi miaka karibu 60. Mwaka 1972 jeshi likakubali kwamba halikuwa na haki, likawapa wote cheti cha heshima. Wote walikuwa nani? Karibu wote walikuwa kaburini. Mzee Willis alikipokea chake ana miaka zaidi ya 80, na bunge likampa dola 25,000.

Tunajifunza mawili hapo. Kwanza, maandishi ya jeshi hubadilika, hata yaliyotiwa sahihi na rais. DD-214 si msahafu wala Biblia. Pili, miaka 66 ni mingi mno. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Haya, tufanye kazi. Jambo la kwanza, na mkisahau yote mengine hili msilisahau: omba faili kabla ya kuandika neno. Omba faili kwanza! Watu wengi wanaokataliwa hawakataliwi kwa sababu hawana haki. Wanakataliwa kwa sababu wameandika kwa kumbukumbu, na bodi inasoma faili. Wewe unasema ulipewa onyo moja, faili lina maonyo manne. Wewe unasema hukupewa wakili, faili lina karatasi yenye sahihi yako ikisema ulikutana naye tarehe fulani. Ukishakamatwa kwenye dogo, hata kubwa ulilosema kweli haliaminiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kesi nayo ni hivyo hivyo.

Faili linaombwa kwa fomu SF-180, au kwa mtandao, kutoka kituo cha kumbukumbu za wanajeshi kilichoko St. Louis, Missouri. Kwa askari mwenyewe, au jamaa wa karibu wa askari aliyefariki, faili la utumishi hutolewa bure. Makosa yanaanzia kwenye fomu hiyo ya ukurasa mmoja. Watu wanaweka alama kwenye DD-214 wanatosheka. Usitosheke. Kwenye DD-214 chagua nakala ambayo haijafutwa kitu. Fomu yenyewe inakuuliza. Kisha andika kwa maneno kwamba unataka faili zima la utumishi pamoja na kabrasha lote la kuachishwa. Kabrasha hilo ndilo lenye barua ya kamanda ya kukupa taarifa, maelezo ya mashahidi, majibu ya vipimo, karatasi za haki ulizoachia. Bila hilo unapigana gizani. Rekodi za tiba ziombwe mbali, na za walioondoka miaka ya karibuni mara nyingi ziko mikononi mwa VA. Anayeomba za marehemu aambatishe uthibitisho wa kifo. Na fomu isiyo na sahihi hairudi na kitu.

Faili likifika, usilisome kwa hasira. Lisome na kalamu na karatasi tupu pembeni. Chora mstari wa tarehe: lini uliingia, lini ulipandishwa cheo, lini ulipelekwa vitani, lini kosa la kwanza, lini ulikwenda hospitali, lini uliachishwa. Mkishachora mtaona ajabu. Mara nyingi kesi yenyewe iko kwenye nafasi kati ya tarehe mbili. Nitawaonyesha.

Lakini kwanza madirisha. Mnajua ofisi ya serikali: ukipanga foleni ya dirisha lisilo lako, unafika mbele unaambiwa nenda kule. Yapo madirisha mawili.

Dirisha la kwanza ni bodi ya mapitio ya kuachishwa, DRB. Fomu yake ni DD-293. Ina miaka 15 tu, kuanzia tarehe ya kuachishwa, ile iliyo kwenye kisanduku 12b. Ukiachishwa tarehe 14 Juni 2013, dirisha linafungwa 14 Juni 2028. Bodi hii haigusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Ya mahakama ya kijeshi ya ngazi ya chini inaigusa kwa huruma tu. Na haiwezi kukugeuza kuwa umestaafu kwa ugonjwa.

Dirisha la pili ni bodi ya kusahihisha rekodi za kijeshi. Fomu yake ni DD-149. Hii ina uwezo mpana: daraja, sababu, cheo, malipo, hata kustaafu kwa ulemavu. Sheria inasema miaka 3 tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki, na husamehe mara nyingi, mradi ueleze kwa nini umechelewa. Kama bado uko ndani ya miaka 15 na dirisha la kwanza linakuhusu, la pili litakurudisha ukaanze kule. Jeshi la Nchi Kavu lina bodi zake, Majini na Marines wana zao, Anga wana zao, Walinzi wa Pwani wana zao. Tovuti ya VA ina ukurasa unaokuuliza maswali machache kisha unakutajia fomu na anwani inayokuhusu. Utumieni, ni bure. Kuomba kwenyewe ni bure. Anayekuambia bodi inatoza ada, mwulize yeye anatoza ngapi.

Kuna kanuni nyingine ya dirisha la kwanza ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Unaweza kuomba bodi ipitie karatasi peke yake, au usikilizwe ana kwa ana, siku hizi zaidi kwa video au simu. Ukianza na karatasi ukakataliwa, bado unaweza kuomba kusikilizwa. Ukianza na kusikilizwa, karatasi huipati tena. Kwa hiyo anza na karatasi, uwe na nafasi mbili. Ila, na hili ni ila kubwa, nafasi ya pili nayo lazima iwe ndani ya ile miaka 15. Bodi hutumia mwaka na zaidi kujibu. Kama umebakiza mwaka mmoja au miwili, usicheze: omba kusikilizwa moja kwa moja.

Bodi inajiuliza maswali mawili. Je, jeshi lilifuata utaratibu wake? Je, hata kama lilifuata, daraja hili ni la haki? Ushinde moja tu, inatosha.

La utaratibu ni adimu, lakini likiwepo ni nyundo. Mfano mmoja wa Jeshi la Nchi Kavu: askari anakwenda mwenyewe kukiri kwamba ana tatizo la dawa za kulevya na kuomba matibabu. Kanuni zinalinda kukiri huko. Kamanda akiuingiza ushahidi huo kwenye kabrasha la kumwachisha, kanuni inataka askari huyo apewe Honorable. Wangapi wamewahi kufungua kabrasha wakatazama kama karatasi ya kliniki imo? Nyingine: askari ambaye anatishiwa OTH ana haki ya kusikilizwa na bodi kabla ya kuondolewa. Kama hakuachia haki hiyo kwa maandishi, na hakusikilizwa, hilo ni shimo. Tazama sahihi. Tazama tarehe. Kuna barua ya taarifa ya saa tatu asubuhi na karatasi ya kuachia haki ya siku hiyo hiyo saa nne? Ulikutana na wakili saa ngapi?

La haki ndilo linalobeba wengi, na hapa nitakaa kidogo.

Septemba 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, alizitaka bodi zifikirie kwa upole maombi ya askari ambao kiwewe cha vita, PTSD, huenda ndicho kiliwaingiza makosani. Agosti 2017 ukatoka waraka wa Kurta, ofisa wa Wizara ya Ulinzi, ukapanua: si kiwewe tu, bali pia kutikisika ubongo, magonjwa mengine ya akili, na kubakwa au kunyanyaswa kingono jeshini. Waraka huo ndio ufunguo, maana unawaambia wanabodi wajiulize maswali manne. Je, ulikuwa na hali au ulipatwa na tukio linaloweza kueleza kosa? Je, ilikuwa ukiwa jeshini? Je, kweli hali hiyo inalieleza kosa hili? Je, ina uzito kuliko kosa? Basi! Barua yako ya maelezo ijibu hayo manne, kwa mpangilio huo, kurasa mbili au tatu. Usiwaachie kazi ya kutafuta jibu.

Tuchukue mtu wa mfano, wa kutunga, tumwite Juma. Juma ni dereva wa lori la mafuta Afghanistan. Anaandika barua yake ya kwanza hivi: "Nilionewa. Sajini hakunipenda kwa sababu ya lafudhi yangu. Bangi haikuwa yangu. Naomba mnihurumie nina watoto watatu." Mnaionaje? Inauma, eti? Lakini bodi itaitupa, kwa sababu kwenye kabrasha kuna karatasi ya Juma mwenyewe akikiri kuvuta. Na watoto watatu hawajibu hata swali moja kati ya yale manne.

Sasa Juma anachora mstari wa tarehe. Anaona kwamba miezi 20 ya kwanza faili lake ni safi, ana nishani. Mei 2011 lori la mbele yake linalipuliwa. Juni amekwenda kliniki mara mbili, kichwa na kukosa usingizi. Julai na Agosti amechelewa kupanga mstari wa asubuhi mara tatu. Oktoba kipimo cha mkojo kinaonyesha bangi. Desemba ameachishwa kwa Chapter 14, yaani sura ya kanuni za jeshi inayohusu utovu wa nidhamu, OTH, na haki ya kusikilizwa ameiachia. Barua ya pili inasema: "Kabla ya Mei 2011 sikuwa na kosa hata moja, tazameni kielelezo A. Baada ya mlipuko nililala saa mbili kwa usiku. Nilikwenda kliniki Juni, kielelezo B. Nilivuta bangi Oktoba ili nipate usingizi, na nilikiri siku ile ile. Mwaka 2015 daktari wa VA aliniambia nina PTSD iliyotokana na mlipuko huo, kielelezo C." Mmeona? Hakuna kilio. Hakukana kosa. Kile kipindi kati ya Mei na Oktoba ndicho kinachosema.

Na ile lafudhi? Sisemi ubaguzi haukuwepo. Historia yenyewe inasema: wakati wa Vita Kuu ya Pili jeshi lilitoa vyeti vya rangi ya buluu, visivyo vya heshima wala vya aibu, na askari weusi walipewa zaidi ya mmoja kati ya kila watano, wakati wao walikuwa chini ya mmoja kati ya kila kumi na wawili jeshini. Kwa hiyo kama ulibaguliwa, useme. Lakini useme kwa tarehe, kwa jina la aliyekuwepo, kwa nakala ya malalamiko uliyopeleka, au kwa kuonyesha mwenzako aliyefanya kosa lile lile akapewa adhabu ndogo. "Hakunipenda" haina kielelezo.

Waraka una mpaka wake pia. Kosa lililopangwa mapema, mtu kakaa kapiga hesabu, kauza vifaa vya jeshi miezi sita, hilo kiwewe hakilielezi kirahisi.

Sasa nitasema jambo zito, na nawaomba kina baba msiinamishe vichwa. Wapo waliotendewa ubaya kule, wanawake kwa wanaume, na hawakusema kwa mtu. Kwetu hayo hayasemwi. Mtu anaona bora OTH kuliko kusema. Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Waraka wa Kurta unasema wazi kwamba ushahidi si lazima uwe kwenye rekodi za jeshi, na kwamba maelezo yako mwenyewe yanaweza kutosha. Bodi inatazama pia alama za pembeni: uliomba kuhamishwa ghafla, kazi yako iliporomoka ndani ya mwezi, ulipima ujauzito au magonjwa ya zinaa, ulimwambia dada yako kwa simu. Dada huyo aandike barua. VA ina matibabu kwa waliofanyiwa hivyo, hata kwa wenye OTH wengi. Na yeyote ambaye usiku unamzidi, apige 988, simu ya msaada wa dharura, kisha abonyeze 1. Hawakuulizi daraja.

Kuhusu barua za mashahidi: tano nzuri zinashinda ishirini zinazosema "ni mtu mwema anayemcha Mungu". Mwenzako wa kikosi aliyeona mlipuko, huyo ni dhahabu. Mke aandike ulivyokuwa kabla na ulivyorudi: unaamka unapiga ukuta, unakaa ukiutazama mlango. Mwajiri aandike miaka uliyokaa bila kukosa kazi. Mama kule Kisumu au Bukavu anaweza kuandika kwa Kiswahili, lakini ambatisha tafsiri, mtafsiri aweke jina na sahihi, maana wanabodi wanasoma Kiingereza. Kila barua iwe na tarehe, sahihi, na namna mwandishi alivyokufahamu. Peleka nakala, baki na za asili. Mambo ya baada ya jeshi, yaani shule, kazi, kuacha pombe, rekodi safi ya polisi, yana uzito wake tangu waraka wa Wilkie, ofisa mwingine wa Wizara ya Ulinzi, wa Julai 2018, uliowaambia wanabodi wafikirie msamaha na muda uliopita.

Usisahau kuomba yote. Watu wanaomba daraja peke yake, wanapata Honorable, halafu kisanduku cha 28 bado kinasema utovu wa nidhamu kwa dawa za kulevya. Mwajiri anasoma nini hapo? Omba daraja, omba sababu ibadilishwe kuwa "Secretarial Authority", yaani kwa mamlaka ya Waziri, omba misimbo ya 26 na 27 ibadilishwe pia.

Yanayoharibu ni madogo madogo. Umehama Brooklyn Park kwenda Dallas, hukuwaambia bodi, barua ya tarehe ya kusikilizwa imerudi kwao. Hukutokea bila taarifa, haki ya kusikilizwa imekwenda. Umekataliwa, umetuma karatasi zile zile mara ya pili. Bodi ya kusahihisha inafungua upya kwa ushahidi mpya. Kabla ya kuandika, fungueni chumba cha kusomea cha mtandaoni cha bodi hizi, maamuzi ya zamani yamewekwa pale majina yakiwa yamefutwa. Tafuta kesi iliyofanana na yako, uone walishinda kwa lipi. Ukikataliwa na madirisha yote mawili, na uliachishwa tarehe 20 Desemba 2019 au baada yake, ipo bodi ya rufaa ya Wizara ya Ulinzi. Baada ya hapo ni mahakama ya shirikisho, na huko usiende bila wakili.

Na kabla ya wakili wa kulipa, kuna wa bure. Kila wilaya ya Minnesota ina ofisa wa maveterani. Vyama vya askari wa zamani kama American Legion na DAV vina watu wa kukuwakilisha. Vyuo vya sheria vina kliniki.

Nilisema nitarudi kwenye komeo. Usisubiri bodi ndipo uende VA. VA ina uamuzi wake yenyewe juu ya mwenye OTH, na kanuni zake zililegezwa Juni 2024. Omba, wakikuuliza kuhusu kuachishwa, jibu kwa yale yale maelezo manne. Uamuzi wao haubadilishi DD-214, lakini unaweza kukupa tiba na malipo ya ulemavu wakati bodi inasuasua. Na kama ulijiandikisha mara mbili, mkataba wa kwanza ukaumaliza vizuri, sema hivyo. Kipindi kile kinaweza kukubeba. Ukiambiwa dirishani "wewe OTH hustahili", omba jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi litageuka.

Nimemaliza upande wangu. Pale mezani, karibu na birika la chai, kuna fomu za SF-180 na kalamu. Jaza leo hii, namba ya hifadhi ya jamii usimwonyeshe mwenzako. Weka alama kwenye ile nakala isiyofutwa, andika "faili zima na kabrasha la kuachishwa" kwa Kiingereza, maneno nimeyabandika ukutani. Kisha sahihi na tarehe. Wasioandika vizuri, binti zetu wawili pale mwisho wa meza watawasaidia. Kina mama wenye vyeti vya kifo vya waume zao, anzeni ninyi.